Sanaa ya Kukausha

Usiku wa tarehe 25 Agosti 1959, Miles Davis alitoka nje ya klabu ya Birdland, barabara ya Broadway jijini New York. Alikuwa amemsindikiza mwanamke mmoja wa Kizungu hadi kwenye teksi, na sasa alisimama karibu na mlango akivuta sigara kabla ya kurudi jukwaani. Jina lake lilikuwa limeandikwa juu ya mlango huohuo. Albamu yake, Kind of Blue, ilikuwa imeingia madukani siku chache tu kabla, na hadi leo ni miongoni mwa albamu za jazi zilizouzwa zaidi duniani. Askari polisi akamwambia asogee. Davis akamweleza kwamba anafanya kazi hapo, akamwonyesha jina lake, wala hakusogea. Wakati wakibishana, mpelelezi mmoja akamjia na kumpiga virungu vya kichwa. Picha za usiku ule zinamwonyesha kituoni, koti lake jepesi limelowa damu. Aliyeshtakiwa ni yeye, ingawa mwishowe mahakama ilimwachia.

Naanza na tukio hilo kwa sababu, usiku ule, hakukuwa na mtu Marekani aliyehesabiwa kuwa mtulivu, mtanashati na asiyebabaika kuliko Davis. Rekodi alizopiga kati ya 1949 na 1950 zilikusanywa mwaka 1957 katika albamu iliyoitwa Birth of the Cool. Jukwaani aliwapa watazamaji mgongo. Hakutangaza nyimbo, hakushukuru kwa makofi, na akimaliza sehemu yake alishuka zake akawaacha wenzake wakiendelea. Waandishi wa magazeti walimwita mwenye kiburi. Sidhani kama wengi wao walijiuliza jambo moja: mtu mweusi ambaye askari anaweza kumpasua kichwa chini ya jina lake mwenyewe, anapokataa kuwachekea Wazungu waliolipa kiingilio, anakataa nini hasa?

Anakataa kazi ya zamani. Katika maonyesho ya karne ya 19 waigizaji wa Kizungu walijipaka masizi usoni wakaigiza mtumwa mchangamfu, meno nje muda wote, asiye na uchungu wala akili. Maonyesho hayo yalipendwa mno, na wasanii weusi walipopata nafasi ya kupanda jukwaani wenyewe walikuta tabasamu lile linawasubiri. Lilikuwa sehemu ya sare. Hata Louis Armstrong, ambaye jazi nzima ina deni kwake, alitabasamu sana jukwaani, na vijana waliomfuata wakamlaumu kwa hilo. Mimi simlaumu. Aliyezaliwa New Orleans mwaka 1901 hakuwa na milango mingi ya kuchagua.

Aliyelivua tabasamu hilo bila kelele ni Lester Young. Alizaliwa Mississippi mwaka 1909, akashika saksafoni ya tena, na mwaka 1934 akaajiriwa na bendi ya Fletcher Henderson kuchukua nafasi ya Coleman Hawkins. Hawkins alikuwa na sauti nene, nzito, inayojaza ukumbi. Young alipuliza kwa wepesi, akiukawiza mdundo kwa makusudi, na wenzake katika bendi hawakupendezwa. Mke wa Henderson akawa anamwekea santuri za Hawkins ili ajifunze kupiga vile. Young alisikiliza kwa adabu, akaendelea kupiga alivyopiga, na baada ya muda mfupi akaondoka. Miaka miwili baadaye alikuwa na Count Basie, na sasa vijana ndio walioanza kumwiga yeye.

Walimwiga hadi kofia. Alivaa ile ya ukingo mpana yenye juu bapa, na miwani myeusi usiku, ndani ya ukumbi. Saksafoni aliiinua ubavuni, imelala karibu sawa na sakafu. Uso wake haukutoa habari yoyote. Alikuwa na misemo yake mwenyewe ambayo wageni hawakuielewa, na wengi huamini kwamba ni kinywani mwake Waamerika walikookota neno lao la kumsifia mtu asiyetikisika, cool. Billie Holiday alimwita Prez, yaani rais, naye akamwita Lady Day. Watu wawili ambao sheria na desturi za nchi yao ziliwazuia kuingia kwa mlango wa mbele katika hoteli nyingi walizotumbuiza wakapeana vyeo vya rais na bibi mkubwa. Hapo ndipo ninapoiona maana ya jambo lote. Anayenyimwa heshima na wenye mamlaka anajipatia nyingine, kisha anaivaa kana kwamba alizaliwa nayo.

Jeshi halikuvutiwa na hayo. Young aliandikishwa kwa lazima mwaka 1944, na mwaka uliofuata mahakama ya kijeshi ikamfunga kwa kukutwa na dawa za kulevya. Alitumikia miezi kadhaa katika kambi ya kizuizini huko Georgia. Siku zake za mwisho aliishi katika hoteli ya Alvin, iliyotazamana na Birdland, akinywa kuliko alivyokula. Alifariki humo tarehe 15 Machi 1959, ana miaka 49. Miezi mitano baadaye, upande wa pili wa barabara hiyohiyo, ndipo Davis alipopigwa.

Profesa Robert Farris Thompson wa Chuo Kikuu cha Yale aliandika mwaka 1973 kwamba mizizi ya mambo haya iko Afrika Magharibi. Aliwachunguza Wayoruba na jirani zao, akaona jinsi wachongaji wao wanavyoupa uso wa mfalme, wa mungu, hata wa mwanamke aliyebeba mzigo mzito, utulivu uleule. Wayoruba wana neno itutu, na kwao utulivu huo unakwenda pamoja na ukarimu na uongozi: mwenye moyo uliotulia ndiye anayeweza kugawa haki. Sioni kamba iliyonyooka kutoka Ife, mji wa Wayoruba, hadi kumbi za jazi za Kansas City, lakini naona kwamba watu waliopakiwa melini hawakuacha kila kitu ufukweni.

Na kwetu? Pwani yetu ina habari yake, na kwa maoni yangu ni tajiri zaidi kuliko hiyo ya jazi, ila haijasimuliwa kwa fahari inayostahili.

Chukua Zanzibar ya miaka ya 1890. Kabla ya hapo mavazi yalikuwa cheti cha cheo. Mtumwa mwanamume hakuruhusiwa kufunika kichwa wala kuvaa viatu mbele ya waungwana, na mtumwa mwanamke alijifunga kipande cha merikani au kaniki. Mwaka 1897 utumwa ukapigwa marufuku kisheria visiwani. Ardhi haikugawanywa, minazi na mikarafuu ilibaki kwa wenyewe, na wengi waliokuwa watumwa jana walikuwa vibarua leo. Lakini walinunua nguo. Wanaume walivaa kanzu na kofia, wanawake wakavaa kanga za rangi kali, na baadaye mabuibui. Mwanahistoria Laura Fair ameeleza vizuri jinsi watu hawa walivyobadilisha mavazi yao hata kabla hali zao za maisha hazijabadilika. Mtu aliyetoka shambani akiwa amevaa kofia iliyodariziwa vizuri, akapita taratibu katikati ya mtaa wa Ng'ambo bila kumtazama mtu usoni, alikuwa anatoa hotuba nzima.

Kanga ndiyo inayonivutia kuliko vyote, kwa sababu inasema. Mjini Mombasa, mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake mwaka 1887, na alama yake, Mali ya Abdulla, bado inasomeka kwenye kanga hadi leo. Karne ya 20 ilipoanza kukolea, kanga zikawa na maandishi, na maandishi yakawapa wanawake silaha isiyotoa mlio. Mke mwenza amepita uani. Shemeji amesema maneno. Jirani ameazima sufuria na haonekani kuirudisha. Hakuna haja ya kugombana. Unaingia ndani, unafungua sanduku, unatoka umejifunga kanga iliyoandikwa “Sina siri nina jibu”, unaendelea kufagia. Aliyekusudiwa atasoma. Akiuliza, kanga ni kanga tu, nilinunua dukani, wewe umeona nini? Anayekasirika kwanza ndiye aliyeshindwa, na kila mtu mtaani anajua hivyo.

Taarabu iliupeleka mchezo huo jukwaani. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika ukoo wa watu wa chini na ambaye aliwahi kuuza vyungu, ndiye aliyeushusha muziki huu kutoka katika kumbi za wakubwa, akauimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Mahasidi walipotunga wimbo wa kumcheka kwa asili yake na sura yake, hakwenda kuwakabili mlangoni. Alijibu kwa wimbo wake, kwamba uzuri wa sura si kitu mbele ya akili, na wimbo wake umebaki. Ukitaka kuona utamaduni huo ukiwa hai, nenda kwenye taarabu ya harusi Tanga au Zanzibar, ukae nyuma. Mwimbaji amesimama wima, mikono haina vishindo, uso umetulia kabisa, na maneno yanayotoka kinywani yanachoma. Mwanamke mmoja anainuka katikati ya ubeti. Hakimbilii. Anatembea kwa madaha hadi mbele, noti imeinuliwa, anamtunza mwimbaji kwenye ule mstari hasa anaoutaka, anageuka, na kwa nukta moja tu macho yake yanapita juu ya mtu fulani aliyekaa upande wa kulia. Kisha anarudi kwenye kiti. Hakuna aliyetukanwa. Kesho habari iko sokoni.

Wanaodhani kwamba utanashati wa namna hii uliletwa na sinema za Marekani wangekaa usiku mmoja tu katika ukumbi kama huo.

Vijana wa kiume wana uwanja wao, nao uko barabarani. Konda wa daladala Dar es Salaam, au makanga wa matatu Nairobi, hana cheo, hana mkataba, na hesabu ya tajiri inamsubiri jioni. Lakini mtazame anavyodandia. Gari limeshaondoka, yeye bado anabishana na abiria kituoni, amelipa kisogo. Gari likishika kasi anapiga hatua mbili, anashika bomba, mguu mmoja ndani na mwingine hewani, noti zimekunjwa kwa urefu katikati ya vidole, na anaendelea na sentensi ileile aliyokuwa akiisema. Mama mtu mzima aliyekaa dirishani anamwambia, “Mwanangu, utakufa wewe!” Anajibu, “Usijali mama, tumezaliwa humu,” na anamsaidia kusogeza kapu. Ninamwogopea kama anavyomwogopea huyo mama. Hata hivyo, nikimlinganisha na mwanamitindo wa tangazo la simu, konda ana kitu ambacho mwanamitindo hana: akikosea hatua, anaumia.

Serikali zetu hazijawahi kupenda mambo haya. Nairobi, kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutumika mwaka 2004, matatu zilitakiwa kuchorwa mstari wa manjano, madereva na makanga wakavaa sare, na michoro ya rangi iliyokuwa fahari ya mabasi ya Eastlands ikafutwa. Mikanda na vidhibiti mwendo vilihitajika, hilo halina ubishi. Watu walikuwa wanakufa. Lakini rangi haikuua mtu. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akaruhusu michoro irudi, na nganya za leo, yaani matatu zilizopambwa, zina sura za wanasoka, wanamuziki na manabii ubavuni.

Tanzania tulitangulia. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969, sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana vingekuwa marufuku, kwa kuwa vilihesabiwa kuwa utumwa wa kimagharibi. Hata tarehe haijafika, wasichana walishaanza kuzomewa na kuvuliwa nguo Kariakoo. Mwaka 1969 muziki wa soul nao ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Wakati huohuo, muziki huo ulikuwa ukiimbwa na Waamerika weusi waliokuwa wakidai haki zao, ambao Dar es Salaam iliwapokea kwa heshima kama ndugu wa mapambano. Vijana wa Magomeni walikuwa wameelewa uhusiano huo kabla ya wakuu wao. Katika magazeti ya wakati huo wasomaji waliandika barua wakiuliza kwa nini suti ya waziri ni utamaduni wetu na sketi ya karani siyo. Sijaona barua hizo zikijibiwa vya kutosha.

Mobutu alikwenda mbali zaidi. Katika Zaire ya miaka ya 1970 tai ilipigwa marufuku, na wanaume wa maofisini wakavaa abakosti, koti la kola fupi lisilovaliwa na shati wala tai. Kinshasa ikamjibu kwa njia ambayo hakuitarajia. Vijana wa Matonge, wakiongozwa na mwanamuziki Papa Wemba, aliyeanzisha bendi ya Viva la Musica mwaka 1977, walianza kuvaa suti za wabunifu wa Paris, Milan na Tokyo. Ng'ambo ya mto, katika kitongoji cha Bacongo mjini Brazzaville, desturi hiyo ilikuwa na umri mrefu zaidi, tangu enzi za Wafaransa. Ndio hao wanaoitwa masapeur. Mwenzake Papa Wemba, Stervos Niarcos, aliuita mtindo huo dini ya kitendi, yaani dini ya kitambaa, na alifia gerezani Ufaransa mwaka 1995. Papa Wemba mwenyewe alihukumiwa Ufaransa mwaka 2004 kwa kuwaingiza watu Ulaya kwa hati za uongo, eti ni wanabendi wake. Alianguka jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016 akafariki, amevaa vizuri. Tai yenyewe Mobutu aliirudisha Aprili 1990, katika hotuba ileile ambamo aliruhusu vyama vingi.

Kuna wanaowacheka masapeur. Mtu anaishi chumba kimoja, maji yanaingia mvua ikinyesha, na viatu vyake vina thamani ya kodi ya mwaka mzima! Wengi huazima, hukodi, au hubadilishana nguo. Cheko hilo nalielewa, na mke anayesubiri hela ya unga ana haki ya zaidi ya kucheka. Lakini masapeur wana kanuni ambazo wanaocheka hawazijui. Rangi zisizidi tatu. Usigombane, usitukane. Sauti iwe ya chini. Na viatu, baada ya kuvuka barabara yote yenye matope, viwe havina tone. Ulivivushaje? Hilo hulisemi.

Hapo tumefika kwenye kiini cha ufundi. Jasho lipo, ila halionyeshwi. Mtaliano Baldassare Castiglione aliwafundisha watumishi wa ikulu jambo hilohilo katika kitabu cha mwaka 1528: fanya lililo gumu uonekane hukujisumbua. Muingereza Beau Brummell, mfalme wa watanashati wa London, alitumia saa nyingi kila asubuhi kufunga kitambaa cha shingo kionekane kimefungwa kwa dakika moja. Madeni yakamkimbiza hadi Ufaransa mwaka 1816, na alifia huko mwaka 1840 katika nyumba ya wagonjwa wa akili.

Ukilijua hilo utaelewa pia kwa nini tulimcheka sharobaro. Miaka ya 2010 ilipoanza, mitaa ya Dar ilijaa vijana wa suruali za kubana, nywele zilizochongwa, Kiswahili kinachopitishwa puani na mwendo wa kuyumba bega moja. Mchekeshaji Hussein Mkieti, aliyejulikana kama Sharo Milionea, aliichukua sura hiyo akaifanya kichekesho: kijana mwenye mapozi yote ya mjini ambaye mfuko wake mtupu unamuumbua katika kila tukio. Alifariki kwa ajali ya gari Muheza, Tanga, Novemba 2012, na nchi ilimlilia kwa dhati. Tulimpenda kwa sababu alituonyesha jasho. Kila mtu aliwahi kuingia mgahawani akiwa na nauli tu, akaagiza chai kavu kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

Halafu wakaja wafanyabiashara. Nchini Marekani kampuni ya Brown & Williamson ilianza kuuza sigara za mentholi zenye jina Kool mwaka 1933. Miaka ya 1960 na 1970 matangazo yake yalielekezwa kwa nguvu kwa watu weusi, katika magazeti yao na mitaa yao, na jina hilo likadhamini matamasha ya jazi. Watu walioutengeneza utulivu ule kama ngao wakauziwa wenyewe, ndani ya pakiti. Mwaka 2009 sheria ya Marekani ilipopiga marufuku ladha zote za sigara, mentholi peke yake iliachwa. Sijui njia fupi zaidi ya kueleza biashara inavyofanya kazi. Tangu hapo mambo yamekuwa yaleyale kwa viatu, vinywaji, simu na mitandao: wataalamu wanawatazama vijana wa mitaa ya watu maskini wanafanya nini, wananakili, wanapandisha bei, na kuwarudishia. Soko la Karume Dar es Salaam na Gikomba la Nairobi ndiko vijana wetu wanakoipindua bei hiyo, wakichambua marobota ya mitumba alfajiri kabla wachuuzi wengine hawajafika. Kiatu ni kilekile. Anayelipa laki tatu dukani na anayekiokota kwa elfu kumi na tano kisha akakisugua kwa mswaki, nani hapo ni mjanja? Jibu langu liko wazi.

Sasa nije kwenye maisha ya kila siku, ambako mambo ni madogo na yanauma zaidi. Ujumbe umeingia kwenye simu, umeuona, lakini unasubiri nusu saa ili usionekane ulikuwa unausubiri. Umefanya usaili na kazi hukupata, wenzako kijiweni wanauliza, unasema hukuitaka. Msichana amekukataa, unacheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Kukausha namna hii kunatusaidia kupita siku. Mtu hawezi kumwaga moyo wake mbele ya kila aliyekaa kwenye benchi la kahawa.

Lakini ngao ikivaliwa usiku na mchana inakula ngozi. Mwaka 1992 watafiti wawili wa Marekani, Richard Majors na Janet Mancini Billson, walichapisha kitabu kuhusu mapozi ya wanaume weusi. Walikubali kwamba mapozi hayo yaliwapa watu hawa heshima na kuwalinda, kisha wakaonyesha upande wa pili: aliyezoea kutoonyesha kitu kwa adui anafika mahali hawezi kuonyesha kitu hata kwa mkewe. Lester Young aliyekuwa akinywa peke yake dirishani mwa hoteli si hadithi ya mbali. Kila mtaa wetu unaye kijana aliyekuwa mcheshi, mtanashati, hana shida na mtu, hadi siku aliyofanya jambo baya ndipo watu wakasema hatukujua. Darasani anayejua kukausha hanyooshi mkono kuuliza asichoelewa, kwa kuwa kuuliza ni kukiri. Zahanati zetu zinawapokea wanaume wakiwa wamechelewa. Fundi bomba anaona damu kwenye mkojo, anakausha miezi sita. Wanawake nao hawakusalimika. Dada yule wa kanga ambaye mtaa mzima unamsifu kwa kutojibu, mara nyingine hajibu kwa sababu amepigwa na hana pa kusemea.

Kwa hiyo naupenda utulivu huu na nauogopa. Naupenda pale unapomlinda mnyonge mbele ya mwenye rungu, na pale unapogeuza ugomvi wa mtaa kuwa ubeti. Pale unapokuwa tangazo la sigara sina habari nao. Na unapoingia chumbani, kwenye kitanda cha wagonjwa au kwenye kiti cha mbele ya mama yako mzazi, umekwenda mahali usipohitajika. Ukiwa na kijana nyumbani ambaye siku hizi kila swali analijibu “poa tu”, usimvizie mbele ya rafiki zake wala usimhubirie. Mtume dukani, mfuate njiani, mtembee nyote wawili, na umuulize mambo mara ya pili.